Sarafu Isiyo na Daftari

Mwezi Juni 2016, maelfu ya watu walikusanyika Wembley Arena, London, kumsikiliza Ruja Ignatova akiinadi OneCoin, sarafu ya kidijitali aliyodai kwamba ingeifunika Bitcoin ndani ya miaka miwili. Usomi wake haukuwa wa kughushi: alikuwa na shahada ya uzamivu ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Lakini shahada inathibitisha tu kwamba mtu alisoma. Haisemi lolote kuhusu bidhaa anayoiuza. Aliyetaka kumjua vizuri alikuwa na pengine pa kutazama. Mahakama ya Ujerumani ilimhukumu kifungo cha nje cha miezi 14 kwa udanganyifu, na Septemba 2015 mamlaka ya usimamizi wa masoko ya fedha ya Bulgaria, alikozaliwa, ilikwisha kuwatahadharisha wananchi kuhusu OneCoin.

Hata hivyo, swali zito kuliko yote ni la daftari. Tangu Januari 2009, kila muamala wa Bitcoin umeandikwa kwenye blokucheni, daftari la pamoja ambalo nakala zake zimetapakaa kwenye kompyuta nyingi duniani. Mtu yeyote mwenye intaneti, awe Mwanza au Muscat, analifungua na kukagua bila kuomba ruhusa ya mtu. OneCoin ilianza kuuzwa mwaka 2014. Mwaka 2016 mtaalamu wa Norway, Bjorn Bjercke, alipigiwa simu na kupewa ofa ya kazi: ajenge blokucheni ya kampuni hiyo. Sarafu ilikuwa sokoni, daftari lake lilikuwa bado linatafutiwa fundi. Zile tarakimu ambazo wateja walizitazama kila asubuhi kwenye akaunti zao ziliandikwa na kampuni yenyewe, kama mwenye duka anayejaza daftari la madeni peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Bei nayo ilipangwa ofisini. Ilipanda kutoka euro 0.50 hadi euro 29.95 bila mnunuzi yeyote wa nje kuigombania. Mwenye sarafu halisi anaweza kuipeleka kwenye soko lisilomilikiwa na waliomuuzia, akampata mgeni wa kuinunua. Wa OneCoin hakuwa na njia hiyo. Soko pekee lilikuwa la ndani, lenye ukomo wa kuuza, nalo likafungwa Januari 2017.

Basi fedha zilitoka wapi? Kwa wanachama wapya. Kampuni iliuza vifurushi vya “mafunzo” vilivyoambatana na sarafu, na aliyemleta mwenzake alilipwa kamisheni. Nchini Uganda mawakala waliwafuata wakulima vijijini baada ya mavuno, pesa ikiwa ingali mkononi, na wapo waliouza mifugo ili wajiunge. Benki Kuu ya Uganda ilitoa tahadhari Februari 2017. Kwa wengi ilikuwa imechelewa, tena ilipaswa kushindana na sauti ya ndugu au jirani aliyeamini kwa moyo wote. Hapo ndipo upatu wa aina hii unapoumiza zaidi: anayekuingiza mara nyingi hakudanganyi, naye kadanganywa.

Pale ambapo mradi unajigamba kuwa na programu ya siri ya biashara, penseli na karatasi vinatosha. BitConnect, mradi mwingine wa sarafu ya kidijitali ulioanguka Januari 2018, ulitangaza faida ya wastani wa takriban asilimia 1 kwa siku. Shilingi milioni 1 ikikua hivyo, faida ikirudishwa kwenye mtaji, hufika karibu milioni 38 kwa mwaka mmoja, na baada ya miaka mitatu hupita bilioni 50. Mwenye mashine ya namna hiyo hana haja ya kukusanya akiba za watu. Angekopa benki mara moja tu.

Wengi hujipa moyo kwa kuweka fedha kidogo na kuzitoa. Kipimo hicho ni dhaifu, kwa sababu mradi wa kitapeli hulipa vizuri mwanzoni; malipo hayo ndiyo tangazo lake. Kinachofaa kuulizwa ni kama pesa yote inaweza kutoka, siku mwenyewe atakayochagua, bila kudaiwa kwanza “kodi” au “ada ya kufungua akaunti”. Kwa wateja wa OneCoin mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa. Oktoba 25, 2017, Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, akatoweka. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023. Waendesha mashtaka wanasema waliowekeza OneCoin waliingiza zaidi ya dola bilioni 4.