Sumaku ya Feriti Haiondoi Chumvi ya Kisima

Sumaku ya feriti ni kigae. Oksidi ya chuma huchanganywa na kabonati ya strontiamu, ikachomwa, ikasagwa hadi iwe unga laini kupita wa ngano, ikashindiliwa katika kalibu na kurudishwa kwenye tanuri la nyuzi 1,200 hivi. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitangaza sumaku za jamii hii mapema miaka ya 1950, na hadi leo ni vigumu kupata sumaku ya bei nafuu kuliko hiyo. Ndiyo ile pete nyeusi nyuma ya spika ya msikiti, na ndivyo vile vipande viwili vilivyopinda ndani ya mota ya waipa ya lori. Haishiki kutu. Joto la Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, halina la kuifanya: kutoka nyuzi 20 hadi 40 hupoteza asilimia 4 hivi ya nguvu yake, na usiku ukipoa nguvu hurudi. Anayetaka umbo lake mwenyewe huliagiza kiwandani, mara nyingi China.

Lipo agizo moja lisilostahili kufika kiwandani, nalo ndilo linaloulizwa kila kisima kipya kinapotoa maji ya chumvi: jozi ya sumaku zilizopinda, zikumbatie bomba la inchi mbili linalopanda kutoka kwenye pampu, ili maji yafike tangini yakiwa matamu. Swali huja limekamilika. Kipenyo kimepimwa, idadi imetajwa, hata rangi ya kasha imechaguliwa. Hakuna aliyeuliza kama chumvi inavutwa na sumaku.

Haivutwi. Tatizo lenyewe ni la kweli na halihitaji kutiwa chumvi zaidi. Hifadhi ya maji ya Merti, inayopita chini ya ardhi kutoka upande wa Isiolo kwenda Habaswein, Dadaab na Liboi hadi kuvuka mpaka wa Somalia, ina maji matamu katikati na maji ya chumvi pembeni. Kisima kinachochimbwa nje ya ule ukanda mtamu huweza kutoa maji ambayo ngamia huyanywa bila taabu na mtoto huyatema. Kamati ya maji iliyokwisha kulipa gharama za kuchimba haina hamu ya kuambiwa hivyo, na hapo ndipo muuzaji wa kasha la sumaku hupata wasikilizaji.

Hesabu ya kwanza ya kumuuliza muuzaji huyo ni ya mizani. Maji yenye gramu 3 za chumvi katika kila lita, yakipampwa lita 10,000 kwa siku, hubeba kilo 30 za chumvi kila siku. Kama sumaku imeitoa, chumvi hiyo iko wapi? Gunia la kilo 50 lingejaa kabla ya siku ya pili kwisha. Kasha lililofungwa nje ya bomba halina ndoo, halina tundu la kutolea uchafu, halina mahali popote pa kuweka hata kijiko kimoja. Kilichoingia upande wa pampu kimetokea upande wa tangi.

Hesabu ya pili ni ya nguvu. Chumvi iliyoyeyuka imegawanyika kuwa ioni, chanya na hasi, na ni kweli kwamba ioni inayotembea katika uga wa sumaku husukumwa kando. Wauzaji hulijua jambo hili na hulitamka kwa sauti kubwa. Wasichokitamka ni kiasi chake. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde kupitia uga wa tesla 0.1, ambao feriti hutoa karibu kabisa na uso wake, ndani ya bomba lenye upana wa sentimita 5, msukumo wote kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ni sawa na volti 0.01. Betri ya tochi ina volti 1.5, mara 150 ya hapo, na hakuna aliyewahi kuyafanya matamu maji ya kisima kwa kuyatumbukizia betri ya tochi. Kutenganisha chumvi na maji hugharimu nishati. Mashine halisi za kazi hiyo, kwa maji ya kisima, hula kwa kawaida kati ya kilowati-saa 0.5 na 2.5 kwa kila mita ya ujazo. Kifaa kisichounganishwa na umeme, wala sola, wala jenereta, kinailipia kazi hiyo kwa nini?

La tatu ni bomba lenyewe, na hili huwaudhi mafundi kwa sababu liko mbele ya macho yao. Mabomba mengi ya visima ni ya chuma kilichopakwa zinki. Sumaku ikiwekwa juu yake hunata kwa kishindo, na watu hutikisa vichwa kwa kuridhika kwamba ni kali. Kunata huko maana yake ni kwamba uga umeingia kwenye chuma na kuzunguka humo humo ndani ya ukuta. Kinachovuja hadi kwenye maji ni kidogo mno. Kipande cha bomba kilichobaki baada ya kukata, sindano ya kushonea na uzi vinatosha kuonyesha jambo hili. Sindano ikining'inizwa katikati ya tundu, na sumaku ikibandikwa nje, haitikisiki. Ikirudiwa katika kipande cha bomba la plastiki, huruka. Baada ya onyesho hilo muuzaji hushauri bomba libadilishwe liwe la plastiki. Uga sasa utaingia kwenye maji, na chumvi itabaki pale pale kwa sababu mbili zilizokwisha kutajwa.

Mkanganyiko mmoja unastahili haki yake. Vifaa vya sumaku kwa mabomba havikubuniwa kwa ajili ya chumvi. Vilibuniwa kwa ajili ya ukoga mweupe wa chokaa unaoziba mabomba na birika. Mbelgiji Vermeiren alipata hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka 1945. Tangu hapo maabara zimebishana. Baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba fuwele za chokaa hubadilika umbo na kushika ukuta wa bomba kwa ulegevu zaidi, mengine yaliyofanywa kwa uangalifu uleule hayakuonyesha lolote. Hata yale yanayounga mkono hayadai kwamba chokaa imetoka majini, sembuse chumvi. Kwa hiyo tangi likionekana na vumbi jeupe chini siku chache baada ya kasha kufungwa, hilo si chumvi iliyonaswa. Ni chokaa, ambayo hutuama yenyewe maji magumu yanapokaa na kupoteza gesi ya kaboni dioksidi, kuwe na sumaku au kusiwe.

Ushahidi wa ulimi nao haufai. Ladha ya maji hubadilika na joto lake, na aliyetoa pesa huonja kwa matumaini. Kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), kijiti chenye namba kinachouzwa kwa bei rahisi, humaliza ubishi kwa dakika moja: glasi moja kabla ya kasha, glasi moja baada yake, za joto moja. Namba zikiwa sawa, mazungumzo yamekwisha. Shirika la Afya Duniani huchukulia maji yaliyopita miligramu 1,000 kwa lita kuwa yanazidi kuchukiza kunywa. Kijiti hicho, hata hivyo, hakioni floridi peke yake, ambayo kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita na ambayo haiondolewi na sumaku wala kwa kuchemsha.

Yanayowezekana basi, kwa ufupi. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya kununua chochote. Chumvi ikiwa ya wastani, mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando, ikiendeshwa kwa sola huiondoa, ilimradi kamati iweke akiba ya kubadilisha vichujio na itafute pa kumwaga yale maji makali yanayobaki, pasiwe lagani, yaani kwenye mkondo mkavu wa mto. Penye chanzo cha pili kitamu, maji huchanganywa. Pasipo na chanzo hicho, kisima huachiwa mifugo na kufua, na maji ya kunywa hutoka kwenye berkad (birika la kuhifadhia maji ya mvua) au kwenye mapaa ya mabati. Mtambo wa kulainisha maji hautoi chumvi. Hubadilishana chokaa na sodiamu, na maji hubaki ya chumvi kama yalivyokuwa. Kisima kipya kichimbwe baada ya uchunguzi wa kitaalamu na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mwenye haja ya kweli ya feriti, iwe ya mota, ya spika, au zile sumaku za kumezesha ng'ombe ili zikae tumboni na kunasa misumari na waya (mifuko ya plastiki hazinasi, hilo nalo huulizwa), na apeleke kiwandani mchoro wenye vipimo kwa milimita na tofauti inayokubalika. Feriti husinyaa motoni, hivyo ikitoka tanurini bila kusagwa huweza kuachana na mchoro kwa asilimia 2. Iliyosagwa kwa jiwe la almasi hukaribia milimita 0.1, kwa bei yake. Ataje daraja, Y30 au Y35. Aonyeshe kwa mshale upande wa ncha, kwa maana ile yenye nguvu hushindiliwa ndani ya uga na mhimili wake haukubali kugeuzwa baadaye. Tundu litoboliwe kiwandani: keekee ya kawaida huipasua. Kalibu mpya hulipiwa, kwa hiyo vipande vichache ni heri vikatwe kutoka matofali yaliyokwisha tengenezwa. Aombe sampuli tano kabla ya kulipia elfu, aulize habari za ukaguzi wa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kabla mzigo haujapakiwa, na aulete kwa meli hadi Mombasa, kwa kuwa mashirika ya ndege huweka kikomo cha uga unaovuja nje ya sanduku. Kamati za maji zinazosubiri jozi ya kukumbatia bomba zifute agizo hilo, na pesa hizo zilipie kipimo cha maabara.