Keja ya Bure, Jina Lako

Kazo yangu huchora nganya. Ukipita zile gereji za Kariobangi mchana utampata amesimama juu ya pipa la mafuta, maski shingoni, akimalizia jicho la msanii flani ubavuni mwa mat. Mkono wake ni msafi, na sisemi hivyo juu ni damu yangu. Madere hungoja wiki mzima ndio awafikie.

Kazi yake yote ya miaka nne alikuwa anaiweka kwa akaunti moja ya mtandao wa picha. Asubuhi moja akaamka akapata imefungwa. Hakuambiwa sababu ya maana, hakupata msee wa kubonga naye, na simu yenye alipigia zile picha ilikuwa ishaibiwa kitambo. Nganya zenyewe huwezi rudi kuzipiga tena, juu mat ikikaa kaa inachorwa upya. Kwa hivyo ile kazi ilikuwa imepotea mara mbili, kwa rangi na kwa simu. Nilimuona siku hiyo. Hakutaka hata chai.

Hapo ndio nilimwambia tunajenga websaiti yako, ndogo, na hatulipi seva hata soo.

Wasee wengi bado wanaamini ukitaka websaiti lazima utoe mathao kila mwezi. Hiyo rada imepitwa. Ka peji yako ni maneno na picha, hakuna mtu wa kuingia na paswadi, hakuna kitu ya kuuza hapo ndani, basi ni mafaili tu: HTML moja, CSS moja, folda ya picha. Seva haifikirii chochote, inapeana faili venye iko. Ni kazi nyepesi sana, ndio maana makampuni makubwa yanaweza kukufanyia bure. GitHub Pages iko tangu 2008. Unaweka mafaili kwa repo ya wazi, yaani folda ya mtandaoni yenye kila mtu anaweza kuona, unapata anwani ya kuishia na github.io, na kufuli ya HTTPS wanaweka wao. Wanataka websaiti isipite gigi 1, na data ya kutoka isipite kama gigi 100 kwa mwezi. Piga hesabu: peji ya megabaiti moja inaweza kufunguliwa karibu mara laki moja kwa mwezi. Hiyo inatosha mchoraji, fundi wa viatu, msusi, msee wa mashairi, na wewe pia.

Sisi tulienda Cloudflare Pages, hii nyingine ilifunguliwa 2021. GitHub wanasema wazi Pages yao si ya kuendeshea biashara, na kazo anatafuta kazi na hiyo peji. Sikutaka tuhamie kwa ploti siku ya kwanza tukivunja sheria ya mwenye ploti. Halafu Cloudflare wako na mashine Nairobi na Mombasa, so dere wa Umoja akifungua picha ya mat yake, inaweza kumfikia kutoka hapa hapa bila kuvuka bahari.

Kutafuta picha ndio ilikuwa kazi kubwa kuliko kompyuta. Kazo alipigia madere mmoja mmoja, akapigia makanga, akapigia hadi wale walishaacha mat wakaingia boda. Wakamtumia kwa WhatsApp. Zingine zilikuja zimekondeshwa zimebaki ukungu, zingine poa. Tukapata 19. Mathee wake alikuwa na mbili kwa simu yake na hakuwa amewahi sema. Tulikaa kwa kitanda cha kazo Jumapili mzima, lapi kwa magoti yangu, yeye akiniambia hii iweke juu, hiyo toa, hiyo mkono ulikuwa bado.

Zile mpya alipiga na simu yake zilikuwa mega 4 na kuendelea, kila moja. Hapa nakuomba usikize. Mtu anafungua peji yako na bando ya mbao. Ukimvutisha mega 60 ndio aone kazi yako, umemlia bando, na hatarudi. Nikapunguza upana hadi pikseli 1200, nikazigeuza ziwe faili za WebP, zikashuka hadi karibu kilobaiti 150. Ukiziangalia kwa simu huoni tofauti. Kila mchoro ukabaki na jina lake, mwaka, na ruti.

Kupandisha ni kuburuta folda na kuiangusha kwa dirisha la brauza. Dakika moja hivi, tukapata anwani ya kuishia na pages.dev, tukafungua. Picha tatu hazikuonekana. Kwa lapi zilikuwa fiti, mtandaoni ni vijisanduku tupu. Tulizunguka na hiyo ngori karibu lisaa, hadi nikaona faili inaitwa Nyekundu.JPG na kwa HTML nimeandika nyekundu.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini seva inajali. Na peji ya kwanza lazima iitwe index.html, herufi ndogo zote, ama utafungua anwani yako upate 404 udhani umefanyiwa fitina. Andika majina ya mafaili kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati, tangu siku ya kwanza.

Kuna wasee watakuambia chukua seva mzima ya bure, ka ile ya Oracle yenye ilitangazwa 2021 ikiwa na kori 4 na RAM ya gigi 24. Ni mashine ya ukweli, na ka unasomea Linux ingia. Lakini wanataka kadi ya benki, ikikaa bila kazi wanaweza kuichukua, na kuilinda na kuiapdeti ni juu yako usiku na mchana. Kwa picha za nganya tu, hiyo ni kukodi lori ubebe unga wa kilo mbili.

Sasa, bure. Lazima tubonge ukweli hapa, juu kazo alishachomeka mara moja. Cha bure kinaweza kufungwa. Heroku ilikuwa inabeba programu za watu bure miaka mingi, na 28 Novemba 2022 ikaanza kuzizima. Domeni za bure za .tk, .ml na .ga, zenye vijana wengi walianzia nazo, zilikuwa zinapeanwa na kampuni inaitwa Freenom. Meta iliwashtaki, 2023 wakaacha kusajili mpya, na mwaka huo huo Gabon ikachukua .ga yake, Mali ikachukua .ml. Mtu alikuwa ameandika hiyo anwani kwa kadi, kwa fulana, kwa mlango wa kiosk, ikaisha hivyo.

Ndio maana kitu pekee nilimwambia alipie ni jina. KeNIC, wenye wanasimamia .ke, wako na .me.ke ya watu binafsi na .co.ke ya biashara, unalipa mara moja kwa mwaka kwa wakala. Alichukua .co.ke, akalipa na pesa ya kioo kimoja cha nyuma alichora. Jina likishakuwa lako, seva ni mahali pa kulala tu. Cloudflare wakibadilisha mambo kesho, tunabeba folda, tunaenda kwingine, tunaelekeza jina huko, na hakuna mteja atajua tulihama. Folda iko kwa lapi yangu, kwa flashi yake, na nyingine kwa mathee, ndani ya bahasha ya vyeti.

Juzi alimaliza mat mpya, chui mwenye macho ya kijani kutoka mbele hadi nyuma. Hakunipigia. Alienda saiba peke yake, akapunguza picha, akaongeza mstari kwa HTML, akapandisha. Saa nne usiku akanitext: picha haionekani. Kabla nifungue lapi, text ya pili ikaingia.

"Tulia. Ilikuwa JPG kubwa. Nishaiweka ndogo."