Kabureta ya pikipiki ya zamani: Kazi nzuri kwa mzazi na kijana, lakini ina hatari zake

Katika familia nyingi za Marekani na Uingereza, pikipiki ya motokrosi ya miaka ya 1970 ni kazi ya Jumamosi. Mzazi na kijana wake wanakaa meza moja, mikono ina grisi na simu zimewekwa pembeni. Pikipiki kama Honda CR250M Elsinore ya mwaka 1973 hununuliwa ikiwa chakavu, ikafufuliwa taratibu hadi ikaweza kuingia tena katika mbio za pikipiki za zamani.

Kifaa kinachowasumbua wengi ni kabureta. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikisetiwa vibaya, hasara haiishii kwenye vipuri. Mafuta yakiwa kidogo mno, injini hupata joto kupita kiasi, pistoni inaweza kushika ghafla, tairi la nyuma likajifunga na kijana akarushwa chini. Kwa hiyo kuseti kabureta ni sehemu ya usalama wa mtoto, sawa na kofia ngumu.

Kubwa si lazima iwe bora

Kosa la kwanza ni kudhani kabureta yenye mdomo mpana itaongeza nguvu. Kwenye mwendo mdogo, hewa hupita polepole katika mdomo mpana na haivuti mafuta vizuri. Pikipiki inasita kijana anapotoka kwenye kona, kisha inaruka mbele bila kutarajiwa. Kwa anayejifunza, saizi iliyotoka kiwandani ndiyo mahali pa kuanzia.

Kabureta ya awali ikiwa imechoka, kuna njia nyingine. Pikipiki za BSA zilikuja na kabureta za Amal na Maico zilitumia Bing, lakini wengi leo huweka Mikuni aina ya VM kwa sababu jeti na sindano zake hupatikana kwa urahisi.

Ukinunua iliyotumika, tikisa kile kipande cha duara kinachopanda na kushuka ndani yake mafuta yanapofunguliwa. Kikicheza sana, hewa itapenya pembeni na hakuna jeti itakayotibu tatizo hilo.

Anza na usafi, kisha jeti

Kabla ya kubadilisha jeti yoyote, safisha kichungi cha hewa, weka plagi mpya na petroli mpya, hakikisha boya liko kwenye kimo chake, na kagua kama mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Mpira uliopasuka huingiza hewa ya ziada na kumdanganya fundi.

Pikipiki hizi nyingi ni za tu-stroki, yaani oili huchanganywa kwenye petroli. Kipimo cha 20 kwa 1 kina maana ya mililita 250 za oili katika lita 5 za petroli. Usibadilishe kipimo hicho katikati ya kazi. Ukiongeza oili, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na injini inakuwa na njaa ya mafuta.

Baada ya hapo, bandika utepe kwenye mkono wa mafuta na uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Injini ikisumbua chini ya robo, angalia jeti ndogo na skrubu ya hewa. Ikisumbua katikati, angalia sindano. Ikisumbua mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, angalia jeti kubwa. Namba kubwa ya jeti huleta mafuta mengi zaidi.

Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inahitajika, kisha shuka hatua moja moja. Mafuta yakizidi, injini hugugumia, hutoa moshi mzito na plagi huwa nyeusi yenye unyevu. Yakipungua, plagi huwa nyeupe na injini hukawia kutulia hata ukiachia mafuta. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na kijana aandike kwenye daftari.

Mwinuko nao una sauti yake. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Pikipiki iliyosetiwa pwani itakuwa na mafuta mengi ikipanda huko. Iliyosetiwa Nairobi itakuwa na njaa ikishuka pwani, na hiyo ndiyo safari ya hatari kwa injini.

Afya kwanza

Usiwashe injini ndani ya gereji au kibandani, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali.

Usimruhusu mtu yeyote kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, tabia ambayo ipo hata kwa mafundi wa bodaboda mitaani kwetu. Tone dogo likiingia kwenye mapafu huweza kuleta nimonia kali. Aliyemeza petroli asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa lazima. Apelekwe hospitali, hata kama anaonekana mzima.

Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, hivyo isitumike kunawia mikono. Vaeni glavu na miwani wakati wa kusafisha kabureta, na kazi ifanyike mbali na jiko na sigara.

Tangi la zamani nalo lisafishwe na mtu mzima. Miaka ya 1970 petroli nyingi iliwekwa risasi, na dunia iliacha kuiuza kwa ajili ya magari mwaka 2021 tu. Mabaki na rangi ya zamani vinaweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Nani afanye nini

Mtoto wa miaka minane anaweza kuandika daftari na kupanga spana. Wa miaka kumi na minne anaweza kufungua kabureta akisimamiwa. Jaribio la kwanza barabarani, tena kwenye uwanja uliofungwa, ni la mtu mzima mwenye uzoefu, kidole kikiwa tayari kwenye klachi injini ikishika.

Na kabla ya kila kuwasha, kijana azungushe mkono wa mafuta hadi mwisho kisha auachie. Usiporudi wenyewe kwa kishindo, pikipiki haiwashwi siku hiyo.