Mbao sakafuni, ziwa mlangoni

Muulize fundi mitumbwi yeyote wa Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa nini mtumbwi uliokaa nchi kavu muda mrefu huvuja ukirudishwa ziwani. Atakwambia jua limezikausha mbao, zimenywea, na nafasi kati ya ubao na ubao zimefunguka. Hapo hakuna budi kuukalafati upya kwa pamba. Mbao zikilowa huvimba, zikikauka hunywea. Ujuzi huo wa mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, ndio anaouhitaji kila mwenye nyumba wa Muleba na Bukoba, mkoani Kagera, anayetamani sakafu ya mbao za matabaka.

Tamaa hiyo si ya kushangaza. Katika msonge wa Wahaya, sakafu ilitandikwa nyasi nene ili miguu isiguse udongo wa baridi. Saruji na marumaru vilipoingia vilileta usafi, lakini baridi ya asubuhi ilirudi. Mbao huiondoa, na huipa sebule sura ya utulivu.

Ubao wa matabaka haukupasuliwa mzima kutoka kwenye gogo. Juu una ganda la mti mgumu, kama mninga, msaji au mwaloni wa Ulaya, mara nyingi lenye unene wa milimita 2 hadi 6. Chini ya ganda hilo kuna matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, nyuzi za moja zikikatiza nyuzi za jingine. Kwa kuwa mbao huvimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, tabaka moja likitaka kutanuka, lililo chini yake hulizuia. Ndiyo maana ubao huu hutulia kuliko ubao mzima. Muuzaji akikupa ubao ambao juu una picha tu ya mbao, hiyo ni lamineti, bidhaa nyingine kabisa, na haiwezi kupigwa msasa ikichakaa. Ganda la milimita 4 linaweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya.

Hata hivyo, kutulia si kutosikia maji. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na visiwani hewa ya ziwa haikauki. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hupita kwenye zege na kuushika ubao kwa chini. Ubao hujikunja kingo, viungo huinuka, gundi huachia. Mwenye nyumba hulaumu mbao, kumbe kosa lilikuwa chini yake kabla hata hazijanunuliwa.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye msingi. Zege limwagwe juu ya nailoni nene ya kuzuia unyevu, na ardhi itiwe dawa ya mchwa kabla ya kumwaga. Kisha subira. Kwa kanuni ya kawaida ya ujenzi, saruji huhitaji siku moja kwa kila milimita ya unene hadi milimita 50, ikizidi hapo muda huongezeka. Na kanuni hiyo inahesabu hewa kavu, si hewa yetu ya Aprili. Anayemwaga sakafu mwezi wa Juni, kiangazi kinapoanza, amejipa nafasi nzuri zaidi.

Kipimo cha nyumbani kipo. Bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 juu ya saruji, ziba kingo zote kwa selotepu, uache siku nzima. Ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, usitandike. Kipande kikiwa kikavu ni dalili njema, ingawa mita ya unyevu ya fundi ndiyo yenye neno la mwisho.

Baada ya hapo weka rula ndefu sakafuni: bonde lisizidi milimita 3 katika mita 2. Mbao ziingizwe ndani ya nyumba iliyokwisha kuwekwa paa, milango na madirisha, zilazwe humo saa 48 hadi 72 zizoee hewa, kama mtengenezaji alivyoelekeza. Wakati wa kutandika, fundi aache nafasi ya milimita 10 hadi 12 kando ya kila ukuta, kisha aifunike kwa sketingi. Akibana mbao ukutani, siku zitakapovimba zitainuka katikati ya chumba.

Adui wa juu ni deki. Tumezoea kumwaga ndoo ya maji na kusukuma kwa mpira. Sakafu ya mbao haivumilii hilo. Ifagiliwe, kisha ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Jikoni, bafuni na barazani yabaki marumaru.

Na Goziba kwenyewe? Kila ubao hufika kwa chombo cha majini, hivyo ufungwe kwa turubai tangu bandarini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kumeza sehemu nyingi za fukwe. Nyumba iliyo karibu na mwalo, juu ya mchanga, isijengewe sakafu hii. Huko saruji nzuri iliyoinuliwa inatosha, na haina aibu. Kwa aliyejenga juu, penye msingi mkavu, vyumba vya kulala na sebule vinafaa.

Ndugu msomaji unayejenga kando ya ziwa, usitangulie dukani kuchagua rangi ya mbao. Tangulia kupima saruji yako, na fundi atakayekataa kusubiri ikauke, usimpe kazi.