Fahamu: Minyoo ya safura humwingiaje mkulima?

Kunawa mikono pekee hakutoshi kuzuia safura. Viluwiluwi vya minyoo ya safura, visivyoonekana kwa macho, hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi na hutoboa ngozi ya mguu mtupu, mara nyingi katikati ya vidole, na hapo huanza kuwasha. Hupitia kwenye damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hutua kwenye utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mkulima huishiwa nguvu, na majirani humwita mvivu! Mwaka 1880 safura iliwadhoofisha wachimbaji wa handaki la Gotthard, Uswisi, waliojisaidia humo humo kazini.

Mayai ya minyoo mikubwa ya duara, yenyewe, huingia kwa mdomo. Hapo ndipo sabuni na kucha fupi husaidia. Albendazoli hutibu, ila haizuii maambukizi mapya. Vaa buti shambani, na chimbeni choo huko huko mnakolima.