Mwendo Hupimwa kwa Kamba na Saa

Mlima Wanale umesimama juu ya mji wa Mbale kama ukuta, na chini yake watoto huenda shuleni kila asubuhi. Kila mmoja ajua nani mwepesi na nani mzito. Lakini akiulizwa wepesi huo ni kiasi gani, hukaa kimya. Kanuni ameikariri: umbali ukigawanywa kwa muda hutoa mwendo kasi. Maana yake haijamwingia.

Dawa yake ni kufanya marudio ya somo uwanjani. Mwalimu na awagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano: mmoja akimbie, mmoja ashushe kitambaa cha ishara, mmoja ashike saa, mmoja aandike, na mmoja asimamie mwisho. Kamba ya mita 50 ilazwe chini, na vigingi vipigwe kila baada ya mita 10. Mtoto atembee kwanza, kisha akimbie. Kila zamu ipimwe mara 3, kwa maana kidole kilicho juu ya saa huchelewa. Halafu wabadilishane kazi, asiwepo mtazamaji tu.

Aliyemaliza kamba kwa sekunde 10 amekwenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Hapo yafaa kuleta mifano ya nyumbani. John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alipata dhahabu mjini Munich mwaka 1972 kwa kukimbia mita 400 zenye viunzi kwa sekunde 47.82: zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, katika mitelemko ya Elgon, alikimbia mita 5,000 mjini Monaco mwaka 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35.36: kama mita 6.6 kwa sekunde. Wanafunzi waulizwe kwa nini safari ndefu hupunguza kasi.

Mwisho ni barabara. Mtoto atembeaye mita 1 kwa sekunde huhitaji sekunde 7 kuvuka barabara ya mita 7. Katika muda huo gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 116. Kamba ilazwe mara mbili, na bado haitoshi. Mzazi aliye likizoni, awe mwanajeshi au polisi, aweza kuyapima hayo na wanawe. Hesabu hiyo yaweza kuokoa maisha ya mtoto.