Mwanamke Aliyepigwa Akimbilie Wapi?

Kila zinapozuka habari kwamba mwanamke fulani ameumizwa na mumewe, swali linaloulizwa kwanza ni lile lile: Mbona hakuondoka mapema? Naona wanaouliza hivyo hudhani kwamba kuondoka ni kufungua mlango tu. Kwa mama wa Molo mwenye watoto watatu, usiku wa baridi kali ya nyanda hizi za juu, lililo zito ni hili: Akiondoka, aende wapi?

Hapo zamani jibu lilikuwapo. Mke aliyepigwa alirudi kwao. Mumewe alilazimika kumfuata, akae mbele ya wakwe na wazee, ahojiwe, na pengine atozwe faini kabla ya kukabidhiwa mkewe. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro, kwani mara nyingi mwanamke alirudishwa pale pale alipoumizwa kwa sababu mahari ilikwisha kuliwa. Hata hivyo, ilimpa mahali pa kulala na watu wa kumsemea.

Katika sehemu zetu desturi hiyo imelegea sana. Baada ya uhuru watu walikuja Molo kutoka pembe mbalimbali kutafuta mashamba, wakawaacha jamaa zao mbali. Kisha yakaja mapigano ya 1992, na baadaye machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Jamaa wengi walitawanyika. Huenda wazazi wa mama huyo waliuza shamba wakahama, au kaka yake amebaki na kipande cha viazi kisichomtosha hata yeye. Fedha za viazi na maziwa, ambavyo mama huyo hutoa jasho kuvipata, aghalabu huishia mfukoni mwa mwenye hati ya shamba. Nauli ya kwenda Nakuru hana.

Basi hukimbilia kwa jirani. Jirani humsitiri usiku mmoja. Kunapopambazuka, mume amefika mlangoni pamoja na wazee wa mtaa, nao wanasema mambo ya nyumba hayatolewi nje. Jirani naye anaogopa ugomvi. Mama anafunga kitambaa, anawashika watoto mkono na kurudi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tusidhani kwamba hawa ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Katika utafiti wa 2014, kiwango hicho kilikuwa asilimia 45. Nafuu ipo, lakini ni nafuu gani hiyo iwapo kila wanawake watatu tunaokutana nao sokoni, mmoja ameonja kipigo?

Wapo Wakenya waliolijibu swali langu kwa vitendo. Mwaka 1990, huko Samburu, karibu na Archers Post, wanawake wapatao 15 wakiongozwa na Rebecca Lolosoli walianzisha kijiji wakakiita Umoja. Baadhi yao walikuwa wamefukuzwa na waume zao, wengine walikuwa wamekimbia kupigwa. Walisuka shanga, wakawauzia watalii, wakafungua kambi ya wageni na shule ya watoto. Kijiji kilikua kwa sababu wanawake walikuwa na pato lao wenyewe. Huko Narok nako, Agnes Pareyio alifungua kituo cha Tasaru Ntomonok mwaka 2002 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa mapema. Kituo hicho huwasomesha, na pia hujaribu kuwapatanisha na wazazi wao.

Mifano hiyo inanifundisha kwamba makao ya hifadhi hayasimami kwa paa na godoro pekee. Yahitaji kazi ya kumpa mama senti zake, na shule iliyo karibu ili mtoto asipoteze masomo kwa kosa la babake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inamtaka polisi anayepokea malalamiko amweleze mlalamishi kuhusu matibabu na makao ya hifadhi. Mahakama imepewa uwezo wa kumwamuru mdhulumu aondoke nyumbani, ili anayeondoka asiwe daima ni yule aliyeumizwa. Mahakama tunayo hapa hapa mjini Molo. Lakini amri ya mahakama haitolewi saa nane za usiku. Kuna fomu ya P3 ya kujazwa na ombi la kuandikwa. Katika siku hizo za kungoja, mama alale wapi? Na polisi amwelekeze kwenye makao gani, ikiwa makao ya namna hiyo nchini ni machache, na mengi yanaendeshwa na mashirika na makanisa kwa fedha za kuombaomba?

Wako watakaosema kwamba makao haya yatavunja ndoa. Kwa maoni yangu, ndoa ambayo mmoja hulala akihofia roho yake imekwisha kuvunjwa na mwenye kuinua ngumi. Nyumba njema si mlango. Isitoshe, mume na mke wakitaka kupatana, watapatana vyema zaidi mama akiwa mahali salama, mwenye uhuru wa kusema la au ndiyo.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru na itenge fedha za makao hayo katika bajeti yake ya kila mwaka. Makanisa yenye viwanja yatoe ardhi. Vyama vya akina mama, vilivyozoea kuchangiana harusi na matanga, vichange pia kwa ajili ya aliye hai. Machifu nao wakome kumrudisha mke kabla ya kumuuliza kama anataka kurudi. Siku yatakapofunguliwa makao hayo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumuuliza mama wa Molo mbona hakuondoka.